Sura ya Tano: Mti Uliotangazwa Kufa

Mwaka 1998 mti mmoja wa kusini mwa Tanzania ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Hakuna aliyeushuhudia ukianguka, wala aliyekwenda kuhesabu visiki. Ushahidi wote ulikuwa kabatini. Mti huo, Erythrina schliebenii, wataalamu waliujua kwa makusanyo mawili tu ya miaka ya 1930, na tangu hapo hakuna aliyeleta tawi jingine. Miaka 60 bila tawi jipya ikachukuliwa kuwa ni msiba.

Tangazo hilo lilitoka katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini, kitabu kinene kilichotaja spishi zaidi ya 7,300. Kazi ya ukubwa ule haifanyiki kwa kutembea porini. Hufanyika mezani: unawaandikia barua wanaojua, unangoja majibu, na pale ambapo hakuna anayejua unageukia rekodi za hebaria. Siwalaumu walioiandika. Ila ukitaka kuelewa ilikuwaje mti uliokuwa hai ukaandikiwa cheti cha kifo, inabidi uijue karatasi ya hebaria ilivyo, inasema nini na inanyamazia nini.

Hebaria ni ghala la mimea mikavu. Ukiingia, kinachokupokea ni harufu ya dawa ya wadudu na karatasi kuukuu, kisha makabati ya chuma yaliyopangwa kwa jamaa za mimea. Ndani ya kabati kuna majalada, na ndani ya jalada kuna karatasi ngumu nyeupe, takriban sentimita 42 kwa 28. Juu ya kila karatasi kuna tawi lililobapa, limegandishwa kwa gundi na kushikizwa kwa uzi pale shina linapokuwa nene. Jani likizidi ukubwa wa karatasi hukunjwa. Majani mengine hugeuzwa ili upande wa chini uonekane, maana huko ndiko kwenye vinyweleo na mishipa, na mara nyingi huko ndiko spishi mbili zinakotofautiana. Pembeni hubandikwa bahasha ndogo ya kuwekea vilivyodondoka: mbegu, petali, kipande cha gome. Chini kulia kuna lebo.

Kulifikisha tawi hapo ni kazi ya jasho. Hukatwa likiwa na majani, na likiwa na ua au tunda, kwa sababu tawi tupu huwaacha wataalamu wakibishana. Hutandazwa ndani ya gazeti la zamani, likalazwa katikati ya makadibodi, likabanwa kwa fremu mbili za mbao zilizokazwa kwa mikanda, kisha likaanikwa juani au juu ya jiko. Pwani wakati wa masika jua halitoshi. Bila moto, siku chache tu ukungu umeshaingia. Wengine huloweka matawi kwa spiriti ndani ya mifuko mpaka watakapofika mahali pa kukaushia. Spiriti huzuia uozo, lakini huunguza rangi, jani likawa kahawia kama ugoro.

Ndiyo maana lebo ina uzito kuliko tawi lenyewe. Erythrina, jamaa ya mwamba-ngoma, huchanua maua mekundu yanayoonekana toka mbali. Yakikaushwa wekundu huo hupotea na kuacha weusi usio na umbo. Baada ya miaka 20, anayetaka kujua ua lilikuwa la rangi gani hana pa kuuliza isipokuwa kwenye lebo. Hali kadhalika urefu wa mti, miiba ya shina, harufu ya gome na utomvu wake. Shina la schliebenii lina miiba mikali, lakini shina haliingii kwenye karatasi. Mkusanyaji asipoandika, miiba hiyo imebaki msituni.

Lebo nzuri hutaja mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya msitu na udongo, mti ulikuwa mrefu kiasi gani, wenyeji wanauitaje, nani aliukusanya, tarehe gani, na namba yake. Kila mkusanyaji huhesabu mimea yake kuanzia moja na kuendelea maisha yake yote, hata akihama nchi. Jina lake pamoja na namba hiyo ndiyo anwani ya sampuli, na wataalamu hutajiana anwani hizo bila kuhitaji maelezo mengine.

Mkusanyaji anayehusika hapa ni Hans-Joachim Schlieben, Mjerumani aliyezunguka Tanganyika kati ya mwaka 1930 na 1935, nchi ikiwa tayari chini ya Waingereza. Alifanya kazi kama aliyelipwa kwa kipande. Namba zake zilipita 6,000 kwa miaka hiyo michache, na nyingi kati ya za mwisho zilitoka Lindi, maeneo ya ziwa Lutamba. Sampuli zilipelekwa Berlin, ambako Hermann Harms, bingwa wa mimea ya jamii ya kunde, aliutambua mti huu kuwa ni mpya na kuupa jina la aliyeuleta.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin-Dahlem ikaungua. Sehemu kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyokusanywa enzi za Wajerumani iliteketea usiku ule, zikiwemo sampuli rejea, yaani zile ambazo jina la spishi limefungamana nazo. Jina la mmea haliishi hewani. Lazima kuwe na sampuli moja mahali fulani inayoulizwa kila penye ugomvi: mti tulionao mkononi ni huu au si huu? Ikiungua hiyo, jina linabaki bila mzazi.

Kilichookoa mengi ni desturi ya wakusanyaji kukata matawi kadhaa ya mti uleule kwa namba ileile, wakazigawa nakala. Schlieben alikuwa mgawaji mkubwa. Nakala zake zilienda katika hebaria nyingi za Ulaya. Sababu haikuwa busara ya kuogopa vita. Sampuli ziliuzwa na kubadilishanwa, na mkusanyaji aliyegawa zaidi alijulikana zaidi. Uchumi ule mdogo wa matawi makavu ndio ulioacha ushahidi baada ya moto.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ghala lake. Wajerumani waliianzisha taasisi ya Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na hebaria iliyozaliwa pale ndiyo baadaye ilihamishiwa Nairobi ikawa Hebaria ya Afrika Mashariki. Amani ilikuwa na maabara, nyumba na barabara, na msitu uko mlangoni. Matokeo yake Usambara imechumwa kila kona kwa zaidi ya karne, wakati mtu wa Lindi au Kilwa angeweza kukaa miaka mingi bila kumwona mtaalamu wa mimea. Mvua zikinyesha barabara ya kusini ilikuwa haipitiki. Ramani ya rekodi za miti ya Tanzania, ukiitazama bila kujua historia hii, utadhani Mungu aliipendelea Usambara na kuisahau kusini. Usambara ina utajiri wake wa kweli, hilo halina ubishi. Lakini sehemu ya ramani ile ni ramani ya barabara na nyumba za wageni.

Miti mirefu ina shida yake zaidi. Majani na maua yako juu, mita 20 au 30 kutoka ulipo, na mkusanyaji hana mabawa. Hutumia mkasi wa mti mrefu, manati ya kurushia kamba, au kijana wa kijijini anayejua kupanda. Mara nyingi huokota yaliyoanguka na kuomba yawe ya mti uliosimama juu yake. Ukipita mwezi ambao mti hauna ua, huuoni hata ukiuegemea. Kwa hiyo maua ya njiani yana sampuli tele kabatini, na jitu la msituni lina mbili.

Mwaka 2001, miaka mitatu baada ya tangazo, Erythrina schliebenii ilionekana tena, kwenye kipande kidogo cha msitu wa mawe kisicho hifadhi ya mtu yeyote. Aliyekwisha kuandikiwa cheti alikuwa amesimama na miiba yake. Furaha haikudumu. Kufikia mwaka 2008 ardhi ile ilikuwa inafyekwa kwa ajili ya shamba la mimea ya mafuta ya injini, miaka ile ya homa ya mbono kaburi wilayani Kilwa, na wataalamu wakahofia kuwa safari hii mti umekwisha kweli. Sitaki kuingia kwenye hesabu za mradi ule. Linalonihusu ni kwamba mti usio na rekodi mpya hauna pa kusimama mbele ya mwekezaji. Anayefanya tathmini ya mazingira huuliza kuna nini hapa, na jibu hutafutwa kwenye orodha. Kwenye orodha ya mwaka 1998 mti ule ulikuwa marehemu, na marehemu hazuii trekta.

Ndipo wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda wenyewe. Katika safari zilizotangazwa miaka ya 2011 na 2012, Frank Mbago, aliyekuwa akisimamia hebaria ya chuo, na wenzake waliukuta tena mti huo. Walikadiria kuwa miti iliyokomaa porini haifiki 50. Chini ya miti 50 iliyokomaa, kwa kanuni za IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa asili, spishi inaingia moja kwa moja daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, bila kuangalia kitu kingine. Ni ajabu kuiita hiyo habari njema, lakini ilikuwa njema.

Safari zilezile zilileta na mti wa pili, ambao mimi naupenda zaidi. Karomia gigas ni jamaa wa kivumbasi na mrihani. Ndiyo, ule mrihani wa kwenye shada la bibi harusi. Ila huyu ndugu yao husimama takriban mita 24. Kwa sayansi ulionekana kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti uliojulikana huko ukakatwa miaka michache baadaye. Mwaka 1993 ukapatikana mwingine Kilwa, mamia ya kilomita kusini, katika kipande kidogo cha msitu. Waliorudi kuutafuta hawakuuona. Tafakari umbali huo. Nukta mbili kwenye ramani, na katikati Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Rufiji. Je, katikati haukuwepo, au hakuna aliyetazama juu?

Karatasi za Karomia zinaonyesha jambo jingine ambalo mgeni wa hebaria hulishangaa. Mti huu ulipopewa jina na Robert Faden uliitwa Holmskioldia gigas. Bernard Verdcourt wa hebaria ya Kew, Uingereza, aliyetumia miaka kuandika mimea ya jamaa hii, akauhamishia jenasi ya Karomia. Hebaria haifuti. Mtaalamu anayeona jina limekosewa hubandika kikaratasi kingine chenye jina jipya, saini yake na mwaka, na kile cha zamani kinaachwa palepale. Baada ya karne karatasi inaweza kuwa na vibandiko vinne au vitano, watu ambao hawakuwahi kuonana wakisahihishana, wengine kwa ukali. Ukijua kuvisoma unaona nani alikuwa makini na nani alikuwa na haraka.

Na haraka ilikuwepo. Mwaka 2015 watafiti walipitia sampuli za Aframomum, jenasi ya Afrika iliyo ndugu wa tangawizi, wakakuta kuwa kabla ya jenasi nzima kupitiwa upya, angalau asilimia 58 ya sampuli zilikuwa na jina lisilo sahihi. Wakahitimisha kwamba zaidi ya nusu ya sampuli za mimea ya tropiki huenda zina majina ya makosa. Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2010 unaonikaa kichwani zaidi: katika spishi mpya zilizotangazwa, ni asilimia 16 tu zilizotangazwa ndani ya miaka mitano tangu sampuli ya kwanza kukusanywa, na kama robo zilisubiri zaidi ya miaka 50. Zilikuwa kabatini muda wote, zimeandikwa jina la ndugu yao au hazina jina kabisa. Kitabu kikubwa cha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika 2012, kiliorodhesha spishi 12,104. Miaka 60 ya kazi hiyo ilitumika kwa sehemu kubwa mbele ya makabati, watu wakiulizana hiki ni kitu gani.

Siku hizi karatasi nyingi zimepigwa picha na rekodi zake zimeingia mtandaoni. Ukiwa na simu Mtwara unaweza kuona tawi lililoko London. Ni faida kubwa, hasa kwetu ambao urithi wetu wa matawi ulipelekwa mbali. Lakini lebo ikigeuka kuwa safu ya jedwali hupoteza aibu yake. Lebo ya mwaka 1934 iliyosema tu Lindi ilikuwa wazi kuwa haijui zaidi ya hapo. Kompyuta inadai latitudo na longitudo, basi mwingizaji data anaweka za mji wa Lindi, na mti wa msituni unaonekana umeota karibu na stendi ya mabasi. Data ikikosekana kabisa, sufuri mbili huingia, na miti ya bara huelea kwenye Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Hilo huonekana upesi. La stendi ya mabasi halionekani, nalo ndilo hatari, kwa sababu nukta hizo ndizo hutumika kupima eneo la spishi. Eneo la usambaaji likiwa chini ya kilomita za mraba 100, na dalili nyingine zikiwepo, spishi huhesabiwa kuwa hatarini kabisa. Nukta moja iliyokaa vibaya inaweza kulitanua eneo hilo mara kumi, na mti ukashushwa daraja la hatari bila mbegu moja kuota.

Kwa spishi zilizo chache hivi kuna tatizo la kinyume: anwani iliyo sahihi mno. Miti michache yenye latitudo na longitudo hadharani ni mwaliko kwa mwenye msumeno, au kwa tajiri anayekusanya mimea adimu. Hifadhidata nyingi sasa huficha au kulegeza mahali pa spishi za namna hiyo. Anayetaka kujua kamili huomba, akajieleza yeye ni nani na anataka kufanya nini. Naliunga mkono, ingawa linawaudhi watafiti wenye haraka.

Kuna nafasi moja ambayo lebo haikuwahi kuwa nayo. Aliyeonyesha njia haandikwi. Schlieben hakuyajua maeneo ya Lutamba kwa kuota. Kuna watu walimpeleka, wakapanda miti, wakabeba mabunda na kuchochea jiko la kukaushia. Jina la mti kwa lugha ya wenyeji huandikwa mara kwa mara, la aliyelitaja mara chache sana. Kwenye majina ya mimea yenyewe mambo yalibadilika polepole. Peter Greenway, mwanamimea wa Amani na baadaye Nairobi, alipewa jenasi nzima, Greenwayodendron, mwaka 1969. Leonard Mwasumbi, aliyefanya kazi miaka mingi katika hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kukusanya sana katika misitu ya pwani, alipata ya kwake mwaka 2009: Mwasumbia, mti wa Tanzania. Zote mbili ni za jamaa ya mstafeli, kwa hiyo mzee wa Amani na mzee wa Dar es Salaam wamekaa kabati moja.

Karomia ililazimisha mpangilio mwingine wa kazi. Miti ilipopatikana Kilwa, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na washirika wake waliwaweka watu wa vijiji vya jirani kuilinda na kutoa taarifa itakapozaa. Hiyo ndiyo rekodi ambayo hakuna karatasi iliyoweza kuitoa: mti unazaa mwezi gani, tunda linakaa siku ngapi kabla ya kudondoka, nani analila. Mkusanyaji wa zamani alipita siku moja. Mlinzi yupo mwaka mzima.

Matunda yalikusanywa kwa maelfu, na mengi yakapelekwa Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani. Yalipofunguliwa ikaonekana kuvu wamekwishafika kabla ya wataalamu. Mbegu hai zilikuwa chache kupita kiasi. Huenda hapo ndipo penye sehemu ya siri ya uadimu wa mti wenyewe, kwamba hata pasipo shoka unazaa sana na kuotesha kidogo. Chache zilizoota zilikuzwa ndani ya nyumba ya vioo, mbali na kuvu wa nyumbani, na huko mti ukachanua, wataalamu wakalieleza ua ambalo halikuwa limewahi kuandikwa popote. Mtaalamu atakayekuta tawi la Karomia lenye maua porini Kilwa sasa ana cha kulinganisha nalo.